Santa Rosa Imeshapita

Watu wa Paso Talas wana ugonjwa mmoja usio na dawa. Kila mwisho wa Agosti, baridi ikianza kulegea na majani kuchomoza baina ya mawe meusi, wanaanza kuingojea dhoruba ya Santa Rosa. Sikukuu ya mtakatifu huyo ni tarehe thelathini, na wazee wao waliwaachia neno kwamba siku chache kabla au siku chache baada, lazima mbingu ipasuke mara moja, itoe ghadhabu yake ya mwisho, kisha majira ya kuchipua yaingie kwa amani. Basi zikipiga radi mbili tatu na bati la banda la mtu likang'oka, utamsikia mmoja anajifuta uso na kusema, haya, Santa Rosa imeshapita. Akishasema hivyo, humwezi tena. Mwonyeshe wingu, msomee utabiri, atakucheka.

Delmira Techera aliyasema maneno hayo Jumapili ya tarehe ishirini na sita, asubuhi, amesimama uani kwake na fimbo mkononi, anatazama mti wa mpichi uliopigwa radi usiku. Mti ulikuwa umepasuka katikati mpaka kwenye mizizi na maua yake ya kwanza yalikuwa yametapakaa matopeni. Akautemea mate, akatazama juu, akaitukana mbingu tusi moja zito ambalo siwezi kulirudia hapa, akaingia ndani kuchemsha maji.

Msimshangae. Yeye na mbingu walikuwa na ugomvi wao wa zamani. Alizaliwa siku ya mafuriko, juu ya meza ya jikoni, maji yakiwa magotini kwa mkunga. Alipokuwa na miaka ishirini na sita, mumewe Aparicio alikwenda kukaza waya wa seng'enge upande wa magharibi. Radi ikapiga kigingi kilichokuwa mbali mno, mbali hata mtu hawezi kumwita mwenziwe akasikia, ikateleza juu ya waya mpaka mikononi mwake. Delmira alimkuta bado amesimama, ameushika waya, nywele zinafuka. Hakulia. Alikwenda nyumbani, akachukua bunduki ya baba yake, akapiga risasi sita mawinguni. Wengine wa Paso Talas bado wanalicheka jambo hilo, lakini hawalicheki mbele yake.

Sasa alikuwa na miaka hamsini na sita, mfupi, mabega mapana, mkono mwepesi. Hakuzaa na hakuolewa tena. Alichokuwa nacho ni nyumba ya mawe juu ya kilima, malisho yasiyo na mti hata mmoja, ng'ombe wachache, na kondoo majike mia mbili na kumi na wanne, wote wenye mimba, waliobakiza siku kumi kuzaa. Hao ndio waliokuwa mume, watoto na uzee wake. Kondoo wakifa, angeuza kilima na kwenda mjini kuosha sufuria katika jiko la mwanamke mwingine, na Delmira alikwisha sema kwamba siku hiyo ikifika ni heri afukiwe.

Hapo sina budi kumtaja Ladislao, mdogo wake. Baba yao alipokufa aliligawa shamba vipande viwili kwa haki ya ajabu kabisa. Delmira akapewa nyumba na kilima. Ladislao akapewa bonde, pamoja na msitu wa mikalitusi ambao babu yao aliupanda makusudi ili mifugo ya familia ijifiche upepo wa kusini unapokuja. Mzee alidhani watoto wake watapatana. Haki ya Mungu, wazazi wengine hufa bila kuwajua watoto wao.

Matanga hayajaisha, wakagombana. Chanzo kilikuwa tandiko la farasi la marehemu. Delmira alimwita mdogo wake mwizi mbele ya watu wote, na Ladislao aliponyanyua mkono wa kumnyamazisha, dada mtu akamvunja pua kwa birika la moto. Tangu hapo lango la msituni likafungwa kwa mnyororo na kufuli. Mwaka wa pili dume la kondoo la Ladislao liliruka waya likaingia kilimani. Delmira akalichinja, akaianika ngozi yake juu ya waya wa mpakani, manyoya ndani na damu nje, ili mwenyewe aione akipita. Juma lile lile mbwa wa Delmira alikufa kwa sumu. Alimzika, na tangu siku ile akaanza kutembea na kiboko kifupi chenye mpini wa chuma. Damu nzito kuliko maji, wanasema watu. Damu ya hawa wawili ilikuwa nzito kuliko lami.

Miaka kumi na mmoja hawakusemeshana. Ila shamba ni shamba, ng'ombe hawajui kununa, na mara kwa mara ilibidi mmoja amwarifu mwenziwe jambo. Ndipo walipoitumia redio. Kule mashambani, saa sita mchana, redio ya mji husoma utabiri wa hali ya hewa kwa mikoa ya kaskazini, kisha matangazo ya watu: fulani amejifungua salama, fulani anaomba apelekewe farasi njia panda Ijumaa. Basi utasikia Elbio, mtangazaji, anasoma kwa sauti yake ya asali kwamba Bwana Ladislao Techera anamjulisha mkaaji wa kilimani kuwa ndama wake wawili wako bondeni na waje wachukuliwe kabla hawajageuka kitoweo. Kesho yake mkaaji wa kilimani anajibu kwamba ndama hao wana akili kuliko mwenyeji wao. Wilaya nzima ilikuwa ikikatiza chakula ili isikilize. Jina la Delmira halikutajwa hata siku moja, wala hakuna aliyetamka neno dada wala kaka.

Turudi kwenye Jumapili ile. Elbio alisoma utabiri wa juma zima: joto mpaka Jumatano, upepo wa kaskazini, na katika nusu ya pili ya juma uwezekano wa hewa baridi kupanda kutoka kusini, wafugaji wafuatilie taarifa. Hapo ndipo karatasi ya idara ilipoishia. Lakini Elbio naye ni mtoto wa Paso Talas. Akaongeza lake kutoka kichwani, akacheka kidogo hewani, akasema wasikilizaji wasijali sana, kwani Santa Rosa yetu imeshapita.

Jumanne wakafika wanyoaji wa kondoo na lori lao na mashine zao, wanaume tisa na mpishi. Msimamizi wao, Gumersindo Lemes, alikuwa mtu mtulivu mwenye mgongo uliopinda kwa miaka thelathini ya kuinamia kondoo. Alishuka, akanusa hewa ya joto, akatazama kilima kilivyo wazi. Akamwambia Delmira kwamba kumnyoa jike mwenye mimba ni jambo zuri, jike akisikia baridi hutafuta kificho na kumzaa mwanawe huko, wana-kondoo huwa wazito na hawafi hovyo. Lakini hicho kificho kiko wapi hapa?

"Mimi ningengoja, Bi Delmira," alisema.

"Ukingoja unarudi lini?"

"Oktoba."

"Oktoba watakuwa wameshazaa. Washa mashine."

"Redio imesema kusini kunapikwa kitu."

"Santa Rosa imeshapita, Gumersindo. Ule pale mpichi wangu, kauulize."

Gumersindo akaguna, akawasha mashine. Kwa siku mbili banda lilinguruma, likanuka mafuta na jasho na mavi. Majike walitolewa mmoja mmoja, weupe, wembamba, wamekatwakatwa hapa na pale, matumbo yamewachomoza pembeni, wanatembea kwa aibu kama watu walioibiwa nguo mtoni. Jumatano jioni lori likaondoka. Delmira akasimama kizingitini na kibuyu chake cha chai chungu akawatazama kondoo wake wakila, akaona mambo yamemnyookea.

Alhamisi, tarehe thelathini, siku ya Santa Rosa mwenyewe, kulipambazuka joto la ajabu. Nzi walikuwa wengi. Upepo wa kaskazini ulivuma tangu alfajiri, mzito, wa kuudhi, wa kuumiza kichwa, kisha kufikia saa tano ukakatika. Farasi alikataa maji. Delmira aliyaona yote hayo na hakutaka kuyaona, maana mtu akishakosea hulinda kosa lake kuliko mali yake. Akakaanga maandazi, akawasha redio.

Sauti ya Elbio siku hiyo haikuwa na asali. Alisoma haraka, anajikwaa. Onyo kwa mikoa yote ya kaskazini: kuanzia alasiri ya leo, dhoruba kali kutoka kusini-magharibi, mvua ya mawe, kisha upepo wa kusini wa kilomita themanini kwa saa na mvua mfululizo, joto kushuka kutoka digrii ishirini na nane mpaka nne kabla ya usiku. Hatari kubwa kabisa kwa kondoo walionyolewa. Wenye mifugo hiyo waiingize kwenye kificho mara moja.

Delmira alizima redio. Betri zilikuwa zimechoka, na alichokuwa anakihitaji ameshakisikia. Aliinua sufuria ya mafuta jikoni na kuiweka chini bila kujua anafanya nini. Kisha akasema kwa sauti, peke yake jikoni, kwamba amewaua. Akachukua kiboko, akatoka mbio.

Banda la kunyolea halikutosha hata kondoo ishirini, basi kificho kilikuwa kimoja tu na kila mtu alikijua. Kutoka kilimani mpaka mikalitusi ya Ladislao ni kilomita tatu, na mwisho wa kilomita hizo kuna lango lenye mnyororo. Delmira alitandika farasi huku akipanga. Koleo la kukatia waya aliliazima kwa Gumersindo juzi na akamrudishia. Basi angelivunja lango kwa mawe. Na kama mwenyewe angekuwapo, liwalo na liwe. Nakuambia alivyowaza, sifichi: aliwaza kwamba leo mmoja wao atalala hapo.

Kondoo mwenye mimba ya kukaribia hakimbizwi. Ukimkimbiza, anaangusha mimba. Alitaka kupiga kelele na hakuweza, alitaka kuwachapa na hakuweza, akawa anawaswaga kwa mwendo wa mazishi, yeye na mbwa wake Trompo, na nyuma yao upande wa kusini-magharibi ukuta mweusi umeanza kupanda, chini yake kuna mkanda wa kijani kibichi. Kijani kile ndiyo mvua ya mawe. Jike mmoja akaketi. Delmira akashuka, akamwinua kwa mkia, akamsukuma kwa goti. Mwingine akaketi. Huyo akamwacha. Walipokuwa mita mia tano kutoka langoni, wengine wanane walikuwa wamebaki nyuma wamelala juu ya mawe, na baridi haijafika bado.

Ndipo upepo ukaja. Haukuanza kidogo kidogo. Ulipiga mara moja, ukamsukuma farasi mbele hatua mbili, na joto lote la mchana likaondoka kama mtu aliyefukuzwa. Delmira alisikia baridi ikimwingia mpaka kwenye meno. Kondoo wakapiga yowe kwa pamoja, wakageuza mikia kwa upepo, wakaanza kukimbia wenyewe, na bahati ilikuwa walikimbilia langoni. Jiwe la kwanza la barafu likampiga begani. La pili likamchana Trompo sikio.

Langoni alikuwapo mtu.

Ladislao alikuwa amesimama upande wa ndani, hana kofia, mvi zinapeperuka. Mikononi alikuwa na mtaimbo wa chuma. Delmira alikuwa hajamwona kwa karibu tangu siku ya birika, akaona jinsi alivyozeeka, na haikumpunguzia hasira. Akamwona anaunyanyua mtaimbo. Akamwona anafungua mdomo na kupaza sauti, lakini upepo uliyachukua maneno ukayapeleka unakojua wenyewe. Kondoo walikuwa wanajirundika langoni, wa nyuma wanawapanda wa mbele, mmoja ameshaanguka na wenzake wanamkanyaga tumbo. Ladislao akaunyanyua mtaimbo kwa mara ya pili, juu ya kichwa, kwa mikono yote miwili.

Delmira alimsukuma farasi mpaka kifua kikagusa mbao, akainuka juu ya vikanyagio, akampiga kwa mpini wa chuma. Alimpiga kwa nguvu zake zote. Alimpiga kwa ajili ya mbwa, kwa ajili ya tandiko, na, ukitaka ukweli, kwa ajili ya Aparicio na mawingu pia. Pigo lilimpata juu ya sikio. Ladislao akapiga magoti, akaanguka ubavu, kichwa kikagonga jiwe.

Akashuka, akapanda lango, akaokota mtaimbo. Mapigo matatu, kufuli likafunguka na kumwangukia mguuni. Akaliokota alitupe. Ndani ya tundu lake palikuwa na nusu ya ufunguo, chuma kipya kinang'aa pale kilipokatikia. Nusu ya pili ilikuwa kwenye pete, na pete ilikuwa imening'inia kwenye kidole cha mdogo wake.

Alielewa. Haikumchukua muda. Kufuli lililolala miaka kumi na mmoja bila kufunguliwa lilikuwa limeshika kutu, ufunguo ukavunjikia ndani, na huyu mtu alikuwa akilipiga kwa mtaimbo amfungulie.

Sasa jamani, wewe uliyeketi mahali pakavu utasema alipaswa kufanya nini. Mimi nasema alichofanya. Aliufungua mnyororo, akalisukuma lango, na kondoo wakaanza kumwagika ndani. Kama angewaacha sasa hivi, wangegawanyika, nusu wangekimbilia kijitoni na kufia kwenye waya. Mawe yalikuwa yamekuwa makubwa, ya ukubwa wa yai la kuku, yanaruka juu ya ardhi, yanapasua ngozi tupu za majike mpaka maji ya mvua yakawa mekundu chini yao. Alimtazama Ladislao aliyelala ubavu kando ya lango. Akapanda farasi, akawafuata kondoo.

Aliwaingiza mpaka katikati ya msitu, pale miti ilipo minene, akawazungusha mara tatu mpaka wakasongamana. Hiyo ilichukua robo saa. Kwa robo saa ile yote mawe yalimshukia Ladislao mtu wa kumfunika hakuna.

Aliporudi alimkuta uso umevimba, mikono imechubuka, jicho moja limefumba. Alimburuta kwa makwapa, akaanguka naye mara mbili, akamfikisha chini ya miti, akamvua shati lililolowa na kumfunika joho lake la sufu, akamlaza katikati ya majike maana wao ndio waliokuwa na joto. Akakaa, akakipakata kichwa. Juu yao matawi yalikuwa yanavunjika na kushuka moja moja. Aliomba, akatukana, akaomba tena.

Baada ya muda mrefu Ladislao akafungua jicho lililobaki.

"Umenivunja kichwa, we mwanamke."

"Nimekuvunja."

"Nilikuwa nafungua."

"Najua. Nimeuona ufunguo."

Ladislao alitafuta pumzi. "Wamepita?"

"Wamepita."

"Wote?"

"Sijahesabu."

"Kahesabu basi. Umekaa hapo unanitazama nini?"

Hakwenda kuhesabu. Alimwambia anyamaze. Ladislao hakunyamaza, akamuuliza kama hakusikia redio. Delmira akasema aliizima, betri zilikuwa zimechoka. Mdogo wake akamtazama, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akatapika, na Delmira akamfuta mdomo kwa kiganja.

"Miaka kumi na mmoja unayasikiliza matangazo yangu," alisema. "Siku nakuita dada, unazima."

Jioni upepo ulipopungua, jirani yao Nicanor akaja na gari lake. Alikuja akijua pa kuja, maana wilaya nzima ilikuwa imesikia. Mchana ule Elbio alimaliza utabiri, akasoma tangazo lililopelekwa asubuhi: Bwana Ladislao Techera anamjulisha dada yake Delmira kwamba lango la mikalitusi liko wazi, alete kondoo wa baba. Nicanor alisema mkewe alilia aliposikia, na yeye mwenyewe aliacha kijiko. Alimkuta Delmira amempakata mdogo wake katikati ya kondoo, wote wamelowa damu na maji, akavua kofia. Alikwisha kuona alichokuja kukiona.

Katika zahanati ya mji Sajenti Olivera alikuja na daftari, kwani kichwa kilichopasuka lazima kiandikwe. Akauliza nini kimetokea. Ladislao akajibu macho yamefumba.

"Mawe. Andika mvua ya mawe."

"Muongo huyu," Delmira akasema kutoka mlangoni. "Ni mimi."

Ladislao hakugeuka. "Dada yangu amechanganyikiwa, Sajenti. Amenyeshewa mchana kutwa. Mpeni kitu cha moto anywe."

Sajenti aliutazama ule mwili uliojaa alama za mawe toka kichwani mpaka miguuni, akaandika. Usiku Ladislao akaacha kusema. Ijumaa mchana damu ilimjaa kichwani, akafa.

Walimweka katika nyumba ya bondeni, mishumaa minne, watu wamejaa mpaka uani. Juma lile lilikuwa limeua mamia ya kondoo kaskazini nzima, kila aliyekuja alikuwa na mizoga yake mwenyewe ya kusimulia, na kila mmoja alimshika Delmira mkono akampa pole ya kaka na pongezi ya kondoo kwa pumzi moja. Nicanor alikwenda kumhesabia. Mia mbili na watano wazima. Wengine walikuwa wameanza kuzaa msituni, alisema, na wana wao wamesimama.

Delmira alivumilia mpaka saa tisa za usiku. Kisha akasimama kichwani pa jeneza akasema wanyamaze. Akasema mawe hayakumuua mtu. Akasema alimpiga mwenyewe, kwa mpini huu, akautoa na kuuonyesha, na kwamba alipokwisha kuuona ufunguo bado alimwacha kwenye mawe akawaswaga kondoo kwanza. Aliyasema pole pole, kwa mpangilio, kama anavyosema mtu anayetaka kuandikwa.

Hakuna aliyeshtuka. Wanawake walitazamana kwa huruma. Bi Zulma, mke wa Nicanor, akaja akamwondolea kiboko mkononi kwa upole, akasema, "Mwanangu, sote tulisikia redio. Hakuna mtu wa kumpiga mtu aliyemwita dada mbele ya wilaya nzima. Usijitese."

"Sikusikia mimi. Niliizima."

"Uchungu huo unakusemesha."

Delmira akamgeukia Sajenti Olivera aliyesimama karibu na dirisha, akamwambia alete daftari. Sajenti akainamisha kichwa. Alisema marehemu ameshaandikisha kwa kinywa chake akiwa na akili timamu, na yeye hawezi kumfanya maiti muongo kwenye matanga yake.

Hapo Delmira akapiga kelele. Alilipiga jeneza kwa ngumi, akamwita Ladislao mwizi tena, mbele ya watu tena, akamwambia aamke aseme kweli. Wanaume wawili wakamshika mabega. Alipigana nao mpaka mmoja akatoka damu puani na hata huyo hakukasirika, alimshika tu kwa upole zaidi, akimwambia lia, Bi Delmira, lia. Wakamketisha kitini. Mtu akamfunika shali. Bi Zulma akampa kikombe cha chai ya majani, akamshikia mpaka mdomoni. Delmira alipotema, wakadhani ni chungu, na mwanamke mmoja akaenda jikoni kuongeza sukari.